Zebaki haipimwi kwa pua

AFYA NA KAZI

Mkulima wa pamba hakubali pamba yake ikadiriwe kwa macho. Akifika kwenye chama cha msingi anasimama karibu na mizani. Anataka kuona mwenyewe uzito uliosomwa. Akiwa na shaka anaomba gunia lipimwe tena. Anajua kuwa kilo ikipotea, jasho lake limepotea.

Mchenjuaji wa dhahabu naye ana mizani yake. Anapima dhahabu mpaka pointi ya mwisho. Lakini hewa anayoivuta tangu asubuhi hadi jioni haipimi. Ukimwuliza kama hewa hiyo ni salama, atakujibu: "Mimi sisikii harufu yoyote."

Ni kweli hasikii. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwezi huu tunazungumza juu ya mvuke wa zebaki, na jinsi unavyopimwa hewani na mwilini. Jambo hili linawahusu wachenjuaji wa Rwamagasa, Nyarugusu, Mgusu, Misungwi na machimbo mengine ya kusini mwa Ziwa Victoria. Linawahusu pia wake zao, watoto wao na wanunuzi wa dhahabu walioko mjini.

ZEBAKI INAKWENDA WAPI?

Wengi wetu tunaijua kazi hii, lakini si wasomaji wote wanaoijua. Tuieleze kwa ufupi.

Jiwe lenye dhahabu hupondwa, kisha husagwa mpaka liwe unga. Unga huo huoshwa kwa maji kwenye mwalo. (Hapa hatusemi mwalo wa samaki. Wachimbaji nao huita mwalo mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu.) Mchanga mzito hunaswa na magunia. Mchanga huo hutiwa kwenye karai pamoja na maji na zebaki. Mtu huuchanganya, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hukamata dhahabu na kuacha mchanga. Kisha huminywa kwa kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cheupe kinachong'aa kama fedha.

Kidonge hicho ni dhahabu na zebaki pamoja. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ili kupata dhahabu peke yake, mchenjuaji anakiweka kwenye kopo au kwenye kijiko juu ya mkaa. Baada ya dakika chache weupe unatoweka. Dhahabu inabaki, imefifia rangi na ina vitundu vidogo vidogo.

Watu husema zebaki imeungua. Si kweli. Kuni huungua na kuwa majivu, lakini zebaki haiungui. Inageuka mvuke, kama maji yanayochemka sufuriani. Mvuke huo unaruka. Sehemu inaingia puani kwa mtu aliyeinama juu ya jiko. Sehemu inaingia kwa mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Sehemu inapoa na kurudi kuwa vitone vidogo sana. Vitone hivyo vinakaa kwenye paa, kwenye ukuta, kwenye sakafu na kwenye nguo.

Vitone hivyo navyo havitulii. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto. Chupa ya zebaki iliyoachwa wazi chumbani inatoa mvuke usiku na mchana. Shati la kazi lililotundikwa karibu na kitanda linatoa mvuke. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa zebaki maneno hayo ni kweli kabisa.

Mvuke huu hauna rangi wala harufu, wala hauwashi macho. Moshi unaouona ni wa mkaa au wa karatasi. Moshi ukiisha, mtu anadhani hewa imekuwa safi, kumbe mvuke bado upo.

HESABU KIDOGO

Wachenjuaji wanaijua gramu moja. Ichukue gramu hiyo uigawe mafungu milioni moja. Fungu moja linaitwa mikrogramu. Kwa kipimo hicho kidogo ndipo wataalamu hupima zebaki hewani.

Sasa fikiri kasha lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Hewa iliyomo humo ni mita moja ya ujazo. Mtu anayefanya kazi kwa saa 8 huvuta hewa ya makasha 10 hivi, na pengine zaidi kama kazi ni nzito.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya kazi katika nchi nyingi ni mikrogramu 25 za zebaki katika kila mita ya ujazo, kwa siku ya kazi ya saa 8. Hicho ni kikomo kwa mtu mzima aliyeko kazini. Kwa watu wanaoishi mahali usiku na mchana, pamoja na watoto wao, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni kidogo zaidi: mikrogramu 1 tu, kwa wastani wa mwaka mzima.

Tuseme mtu amechoma kidonge cha gramu 10 kwenye moto wa wazi. Gramu 5 za zebaki zimeruka. Hizo ni mikrogramu milioni 5. Je, hewa kiasi gani inatakiwa ili mvuke huo ushuke hadi 25? Gawa milioni 5 kwa 25. Unapata mita za ujazo 200,000.

Chukua chumba cha darasa chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 168. Basi kidonge kimoja cha gramu 10 kinahitaji hewa ya madarasa zaidi ya 1,000 kama hilo. Nje upepo unasaidia kuusambaza mvuke. Lakini mtu anayechoma ndani ya kibanda chenye mlango mmoja ana hewa ya chumba kimoja tu.

KILICHOONEKANA RWAMAGASA

Haya hayajatoka vitabuni peke yake. Yamepimwa hapa kwetu.

Kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, yaani UNIDO, lilikuwa na mradi wa zebaki katika nchi sita. Tanzania ilikuwa moja ya nchi hizo. Mahali palipochaguliwa kwetu palikuwa Rwamagasa, katika Wilaya ya Geita. Wakati huo Geita ilikuwa bado katika Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012.

Mwaka 2003 madaktari walifika Rwamagasa. Waliwachunguza watu waliokubali kwa hiari yao. Walichukua mkojo, damu na nywele. Waliwaomba watu wanyoshe mikono ili waone kama inatetemeka. Waliwaomba wagusishe kidole na pua, na waandike au wachore. Kisha walikwenda Katoro, wakawachunguza watu wasiofanya kazi ya zebaki, ili wapate watu wa kulinganisha nao.

Tofauti ilikuwa kubwa. Zebaki iliyokutwa kwa watu wa Rwamagasa ilizidi ile ya watu wa Katoro. Waliovuka mstari wa hatari walikuwa wale wanaochoma kidonge. Kati ya wachomaji waliochunguzwa, karibu mmoja kwa kila wanne alikuwa tayari na sumu ya zebaki mwilini pamoja na dalili zake.

Nywele pia zilieleza jambo. Zebaki inayotoka kwenye samaki na zebaki ya mvuke si aina moja, na maabara inaweza kuzitenganisha. Nyingi iliyokuwa kwa wachomaji ilitoka kwenye mvuke.

Jambo hilo linafaa kusikika, maana watu wengi wa kandokando ya ziwa wakisikia zebaki hufikiria sangara na sato. Samaki wa Ziwa Victoria wa upande wa Mwanza walipimwa miaka ya 1990 wakakutwa na zebaki kidogo. Haifai kuacha kuwaangalia samaki. Lakini mchomaji anayeogopa kitoweo chake wakati ameinama juu ya kopo la zebaki ameacha nyoka mlangoni akamtafuta porini.

Tena kuna sabuni. Watafiti waliopima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza miaka ya 1990 walikuta watu wachache wenye zebaki nyingi kupita kiasi, ambao wala hawakuwa wachimbaji. Sabuni za kujichubua zenye zebaki ndizo zilizoshukiwa. Kama unatumia sabuni au krimu ya namna hiyo, mweleze mganga siku ya kupimwa. Usipomweleza, majibu yatamchanganya.

JINSI HEWA INAVYOPIMWA

Mpimaji anayejua kazi yake haweki chombo ukutani akaondoka. Anakufunga wewe.

Kiunoni anakufunga pampu ndogo. Pampu hiyo ina mpira mwembamba unaopanda hadi kwenye kola ya shati lako, karibu na pua na mdomo. Kwenye ncha ya mpira kuna kichupa chenye dawa inayonasa zebaki. Pampu inavuta hewa polepole wakati wote unapofanya kazi. Jioni kichupa kinafungwa na kupelekwa maabara. Maabara inapima zebaki iliyonaswa. Mpimaji anajua pampu ilivuta hewa kiasi gani, kwa hiyo anapiga hesabu na kupata mikrogramu kwa kila mita ya ujazo.

Kwa nini kwenye kola? Kwa sababu hewa ya karibu na jiko si sawa na hewa ya mlangoni. Mtu anayechoma anainama. Pua yake iko kwenye mvuke mzito kuliko wote. Ukipima ukutani utapata jibu la ukuta, na ukuta hauvuti hewa.

Kuna chombo kingine kinachosoma papo hapo. Mpimaji anakishika mkononi, anakisogeza huku na huku, na namba inapanda na kushuka. Chombo hiki kinafaa sana kwa kutafuta mahali zebaki ilipojificha. Kinaonyesha kwamba kona fulani ya chumba bado inatoa mvuke, au kwamba retoti inavuja kwenye mfuniko.

Vipimo vyote viwili vinahitajika, na sababu ni hii. Kuchoma huchukua labda dakika 15. Katika dakika hizo mvuke ni mwingi sana. Baadaye mtu anakwenda kuosha mchanga au kula. Ukichukua wastani wa saa 8, namba inaweza kuonekana ndogo, kama mvua ya siku moja iliyogawanywa kwa mwezi mzima. Shamba limekwisha kuzama, lakini wastani unasema mvua ilikuwa ya kawaida. Kwa hiyo mwulize mpimaji: "Wakati wa kuchoma peke yake namba ilikuwa ngapi?"

Siku ya kupima, fanya kazi kama unavyofanya siku zote. Wapo wenye mialo ambao wakisikia mkaguzi anakuja wanafagia, wanafungua madirisha na kuahirisha kuchoma. Namba itakayopatikana siku hiyo ni ya siku ya wageni. Anayedanganywa na namba hiyo ni mchomaji, maana kesho yake atarudi kwenye kibanda kile kile akiamini ni salama.

JINSI MWILI UNAVYOPIMWA

Hewa inaeleza habari za siku moja. Mkojo unaeleza habari za miezi iliyopita.

Mtu akivuta mvuke wa zebaki, sehemu nne kati ya tano zinabaki mwilini. Zinapita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mvuke na zebaki ya maji maji: mtu akimeza tone la zebaki, karibu lote linatoka chooni. Wapo wanaosema, "Fulani alimeza zebaki na yuko hai," wakadhani haina madhara. Njia ya tumboni na njia ya mapafuni hazifanani hata kidogo.

Kutoka kwenye damu zebaki inaingia kwenye ubongo na kwenye figo. Inapita pia kwa mtoto aliye tumboni. Figo zinajaribu kuitoa kwa mkojo, lakini polepole. Baada ya miezi kama miwili nusu yake imetoka. Miezi miwili mingine, nusu ya ile nusu. Mtu anayechoma kila wiki anajaza debe kwa kasi kuliko linavyovuja.

Anayepimwa atoe mkojo wa kwanza wa asubuhi, nyumbani au zahanati. Asiutolee kwenye mwalo. Kwanza anawe mikono kwa sabuni na kuvaa nguo safi, kwa sababu punje ndogo ya zebaki kutoka kwenye kidole ikidondoka chupani inaharibu kipimo chote. Chupa iwe ile iliyotolewa na mpimaji, yenye kifuniko chake. Jina na tarehe viandikwe papo hapo. Iandikwe pia siku ya mwisho aliyochoma.

Majibu yatataja kitu kinachoitwa kreatinini. Usiogope neno hilo. Mtu aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi, na aliyekaa na kiu mkojo wake ni mzito. Kreatinini hutoka mwilini kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana. Maabara inaitumia kama jiwe la mizani, ili mkojo mwepesi na mkojo mzito viweze kulinganishwa.

Mtu asiyefanya kazi ya zebaki kwa kawaida yuko chini ya mikrogramu 5 kwa gramu moja ya kreatinini. Akifika 20 anatakiwa kuondolewa kwenye mvuke na kuonwa na daktari. Mstari huo wa 20 uliwekwa na wataalamu wa Ujerumani, na ndio uliotumika Rwamagasa. Akipita 100, kutetemeka na dalili nyingine za ubongo huweza kuonekana waziwazi.

Dalili zenyewe ni hizi: mikono kutetemeka, hasa mtu anaposhika kikombe au kalamu, kukosa usingizi, hasira za haraka kwa mtu aliyekuwa mpole, kusahau, ladha ya chuma mdomoni, fizi kuvimba na kutoka damu, kuyumba anapotembea. Kijijini mtu wa namna hiyo huitwa mlevi, na pengine ndugu zake hutafuta mchawi. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walijifunza kuwa malaria inatoka kwa mbu na kichocho kinatoka kwenye maji yenye konokono. Mbu na konokono wanaonekana. Kwa zebaki hakuna cha kuonyesha kwa kidole isipokuwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Jambo jingine ni la haraka. Mtu akichoma nyingi ndani ya chumba kilichofungwa, anaweza kuumwa kifua siku hiyo hiyo. Anakohoa, anapata homa, pumzi inabana. Hii inaweza kuua. Mtoeni nje mara moja, mpelekeni hospitali na mwelezeni daktari kuwa amevuta mvuke wa zebaki. Asipoambiwa anaweza kudhani ni nimonia.

MASWALI YA WATU

"Mimi nafunga kitambaa puani." Kitambaa kinazuia vumbi kidogo. Mvuke unapita kwenye kitambaa kama upepo unavyopita kwenye wavu wa dagaa. Hata barakoa ya karatasi haizuii. Inayozuia ni ile ya mpira yenye kichujio cha mvuke wa zebaki, na kichujio hicho kinakwisha nguvu, kwa hiyo lazima kibadilishwe.

"Mimi nakunywa maziwa." Maziwa ni chakula kizuri. Lakini yanakwenda tumboni, na mvuke umekwenda mapafuni.

"Mimi si mchimbaji, nanunua tu." Dhahabu inayotoka kwenye kopo bado ina zebaki kidogo ndani yake. Mnunuzi anaichoma tena dukani ili asinunue zebaki kwa bei ya dhahabu. Duka ni dogo, na mlango unafungwa kwa sababu ya wezi. Karani wake anaweza kuvuta zaidi ya mtu wa machimboni. Tena jirani ya duka pengine kuna mama anayeuza chakula. Maduka haya nayo yanatakiwa kupimwa.

"Tukipimwa mwalo utafungwa, tutakula nini?" Swali hili ni zito kuliko yote, na anayelidharau hajawahi kulala njaa. Kwenye mialo mingi anayechoma si mwenye mwalo. Ni kijana wa kibarua, au mama aliyepewa marudio ayaoshe upya. Watu hawa hawana sauti mbele ya mwenye mali. Lakini kipimo kikubwa hakina maana ya kufunga kazi. Mara nyingi kina maana ya kubadilisha dakika 15 tu za kazi hiyo.

Mabadiliko yenyewe ni retoti. Ni chungu cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba refu linaloteremka. Kidonge kinawekwa ndani na moto unawashwa chini. Mvuke hauna pa kutokea ila bombani. Bomba linapozwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, mvuke unarudi kuwa zebaki, na zebaki inadondoka kwenye chombo. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kuitengeneza. Retoti nzuri inarudisha zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za zebaki, na zebaki hiyo inatumika tena. Hivyo hata mtu asiyejali mapafu yake anaokoa fedha.

Ina masharti yake. Itumike nje, mbali na nyumba, na mtu asimame upande upepo unakotoka. Ncha ya bomba isizamishwe majini, kwa sababu retoti ikipoa inayavuta maji kurudi juu, na chungu chenye moto kinaweza kupasuka. Isifunguliwe mpaka ipoe kabisa. Wengi wana haraka ya kuona dhahabu, wanafungua ikiwa moto, na mvuke wote uliobaki unawaingia usoni. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasiwe karibu hata kama retoti ipo.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni Namba 5 ya mwaka 2003. Inamtaka mwajiri aandikishe mahali pa kazi, awapeleke wafanyakazi kuchunguzwa afya, na awape vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Wanaoisimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao watu wengi huwaita OSHA. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo ina ofisi ya kanda Mwanza. Anayeuza au kuagiza zebaki anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka hiyo.

Dunia nayo imekubaliana. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata juu ya zebaki. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki wakaugua na kufa. Ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 1956. Tanzania ilitia saini mkataba mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Mkataba unazitaka nchi zikomeshe mambo manne katika uchimbaji mdogo. Mawili kati ya hayo ni kuchoma kidonge kwenye moto wa wazi na kukichoma kwenye makazi ya watu. Mengine ni kutia zebaki kwenye jiwe lote lililosagwa, na kupeleka marudio yenye zebaki kwenye mapipa ya sianidi kabla ya kuiondoa.

Lakini mkaguzi mmoja hawezi kufika kila kibanda cha Geita na Misungwi. Ombi likitoka kwa kikundi lina nguvu kuliko la mtu mmoja. Kikundi cha wachenjuaji kiandike barua kupitia serikali ya kijiji, na nakala apewe Bwana Afya wa kata. Barua ieleze watu wangapi wanachoma, mara ngapi kwa wiki, na kama ni ndani au nje. Iombe hewa ipimwe wakati wa kuchoma, na mkojo wa wachomaji upimwe. Iseme pia kuwa kila aliyepimwa apewe majibu yake mwenyewe kwa karatasi, na kwamba majibu ya mkojo wa mtu yasisomwe mbele ya watu.

Mkishapimwa, wekeni daftari. Daftari la shule linatosha. Chora mistari ya kwenda chini. Andika tarehe, mahali hewa ilipopimwa, namba iliyopatikana, na kilichobadilishwa baada ya hapo. Mkianza kutumia retoti, hesabuni miezi mitatu, kisha mwombe mkojo upimwe tena. Kama namba ya mchomaji ilikuwa 60 na sasa ni 25, retoti inafanya kazi. Kama bado ni 60, kuna mahali inavuja, au kuna mtu bado anachoma kwa kopo usiku.

Majibu ya kila mtu ayatunze nyumbani, pamoja na kadi yake ya zahanati. Kwa aliyeajiriwa yana kazi nyingine pia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa wanaougua kwa sababu ya kazi, na mgonjwa atatakiwa kuonyesha kuwa ugonjwa umetoka kazini. Karatasi ya miaka mitatu iliyopita itamsaidia kuliko mashahidi kumi.

Mwezi ujao tutaeleza juu ya vumbi la karasha, na kwa nini kikohozi cha mponda mawe si lazima kiwe kifua kikuu.